Vyombo vya Jikoni Walivyotuachia Mama Zetu

Somo la historia kwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini mmekwisha kaa, taa imewashwa, na walio nyuma wanasikia. Mwalimu, kama redio inakoroma, tafadhali isogeze karibu na dirisha.

Juma lililopita niliwaomba kila mmoja aje na chombo kimoja cha jikoni ambacho hakukinunua mwenyewe. Chombo alichopewa na mama, au bibi, au shangazi, au mama mkwe. Najua wengine mlicheka. Mlisema, "Bwana huyu alituahidi historia, sasa anataka miko na pawa." Basi viwekeni vyombo hivyo mbele yenu, mezani au mkekani. Leo hivyo ndivyo vitabu vyetu.

Mimi nami nimekuja na changu hapa studioni. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Angalieni nilivyosema: mbuzi hii, si mbuzi huyu. Mbuzi huyu anakula majani. Mbuzi hii inakula nazi. Mwalimu aandike sentensi hizo mbili ubaoni, nasi tuendelee.

Mbuzi hii ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Ni vibao viwili vilivyopitana katikati kama mkasi. Ukivifungua vinasimama, ukivifunga vinalala, na waweza kuitundika ukutani. Kibao kimoja kimetokeza mbele kama shingo, na mwisho wa shingo kuna ulimi wa chuma wenye meno. Mtu hukaa juu yake, hushika kifuu cha nazi kwa mikono miwili, hukisugua juu ya meno, na nazi nyeupe huanguka ndani ya bakuli. Wenyeji wa pwani mnaijua kazi hii tangu utoto, maana mtoto ndiye hukaa karibu akingoja apewe kipande. Wa bara nawaomba radhi kwa maelezo marefu, lakini na ninyi mna vyenu, tutavifikia.

Mahali pa kukalia pamekuwa laini, na pana bonde kidogo. Bonde hilo halikuchongwa na fundi. Limechongwa na bibi, na mama, na mama zangu wadogo, na dada zangu, kwa kukaa kila siku jioni. Ulimi wa chuma ni wa tatu. Wa kwanza uliliwa na kutu, wa pili ulikwisha meno, ndipo mhunzi akatufulia huu. Kaka yangu husema kwamba mbuzi hii si ya bibi tena, kwa kuwa ulimi umebadilishwa mara mbili. Mimi simkubali. Jembe likitiwa mpini mpya haliwi jembe la mtu mwingine.

Sasa tazameni umbali uliopo kati ya jiko letu na dunia. Kifaa cha namna hii, cha kukalia chenye chuma cha meno mbele, hakipatikani pwani yetu tu. Wanacho watu wa kusini mwa Bara Hindi, na wa Sri Lanka, na wa visiwa vya Maldivi, na wa Malaysia. Wanacho pia watu wa nchi ya Thailand, na wao hawakiiti mbuzi. Wanakiita sungura! Sisi tulitazama shingo na miguu tukaona mbuzi. Wao walitazama meno wakaona sungura.

Mnazi wenyewe ni msafiri. Mwaka 2011 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wao juu ya asili ya minazi ya dunia. Waliona kuna koo mbili kubwa, moja ya upande wa Bahari ya Hindi na moja ya Bahari ya Pasifiki. Lakini katika minazi ya Madagaska na Komoro waliona damu ya koo zote mbili, kama mtoto wa baba wa huku na mama wa kule. Nayo lugha ya Wamalagasi wa Madagaska ni ndugu ya lugha za kisiwa cha Borneo, kilicho mbali sana mashariki. Watu walivuka bahari ile na mbegu zao na lugha yao. Katika pwani yetu, kaskazi ilileta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Wanahistoria wameandika mengi juu ya pembe na dhahabu na nguo zilizopakiwa humo. Juu ya kukuna nazi wameandika machache, ingawa dhahabu hailiwi.

Haya, tuiache mbuzi. Nani hapo amekuja na chungu?

Nadhani ni wachache, na sababu ni wazi. Chungu huvunjika. Mama anaweza kukuachia sinia, lakini chungu chake kilikwisha kuwa vigae kabla hujaolewa. Hata hivyo chungu ndicho chombo kilichorithiwa kwa muda mrefu kuliko vyote, kwa njia nyingine. Kinachorithiwa si udongo, bali ni mkono. Tazameni wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe. Vyungu vyao hufinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi, na vimeuzwa kwa mitumbwi pande nyingi za ziwa. Msichana hukaa karibu na mama yake, huona udongo unavyochaguliwa, unavyokandwa, ukingo unavyolainishwa, na hapo hujifunza. Chungu kikivunjika, mkono upo. Mama akifa, mkono upo kwa binti.

Na vigae navyo havifi. Nguo huoza, mti huliwa na mchwa, chuma hugeuka kutu, lakini kigae cha chungu hukaa ardhini miaka elfu moja na kikitolewa bado chaonyesha mchoro alioutia mfinyanzi kwa kijiti. Kwa hiyo wachimbaji wa mambo ya kale hupenda jalala la jikoni kuliko jumba la mfalme. Nawaomba msikilize sana hapa, maana jambo hili lilikuwa na ugomvi ndani yake.

Kwa miaka mingi, hata kufika miaka ya 1960, waandishi wengi wa habari za pwani walisema kwamba miji ya zamani kama Kilwa, Gedi na Manda ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Mwafrika, kwa maneno yao, alikuwa mtumishi au mpita njia tu. Walitazama misikiti ya mawe na sahani za Kichina, wakasema haya si ya watu wa hapa. Walikuwa na maandiko ya kuwasaidia pia. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia juu ya sultani aliyetoka Shiraz katika nchi ya Uajemi, yeye na wanawe sita, katika vyombo saba, na jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo. Ni masimulizi mazuri. Lakini ni masimulizi ya baba na wana. Ukiyasoma utadhani watu wale walizaliwa bila mama na walikula bila mpishi.

Basi wachimbaji walichimba. Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mji huo ulianza katika karne ya 8, ukahamwa katika karne ya 15. Alichimba mpaka akafika tabaka za chini kabisa, ambako nyumba zilikuwa za miti na udongo, kabla ya mawe. Huko chini vigae vya ng'ambo vipo, lakini sehemu kubwa kabisa ni vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa hapa hapa. Vyungu vya jamii hiyo, vyenye michoro ya pembetatu shingoni, vimeonekana toka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji, na bara pia, mbali na bahari. Naye Profesa Felix Chami, mchimbaji wetu wa Tanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1994 alionyesha kwamba vyungu hivyo vina uhusiano na vya wakulima na wafua chuma waliokaa katika nchi hii kabla ya miji kuwako.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba msingi wa miji ile uliwekwa na watu wa hapa. Wageni walikuja, ndiyo, nao walioa na kuzaa na kujenga. Sitaki tuwafute, kama vile wao walivyotufuta. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani, karibu wote katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wataalamu walisoma mifupani alama za uzazi, ambazo hutoka kwa mama na baba. Upande wa mama, asili ilikuwa hasa ya Afrika. Upande wa baba, asili ya Uajemi ilionekana kwa wengi, na kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Basi Tarehe ya Kilwa haikusema uongo juu ya akina baba. Ilinyamaza tu juu ya akina mama. Na chungu kilikwisha kusema.

Mwalimu, wape wanafunzi nafasi ya kupumua kidogo.

Haya. Nani ana bakuli au sahani kubwa? Vigae vyatuambia pia watu walikula nini, na vipi. Katika kisiwa cha Pemba kuna mahali pawili pa zamani, Tumbe na Chwaka. Tumbe ni ya zamani zaidi, ya karne ya 7 mpaka ya 10. Chwaka ilianza katika karne ya 11. Wachimbaji walichekecha udongo wa majiko wakapata punje zilizoungua. Tumbe walipata zaidi mawele. Chwaka walipata zaidi mpunga. Na kuanzia karne ya 11 hivi, katika miji ya pwani, vyombo vinabadilika pia. Vyungu vya shingo bado vipo, lakini mabakuli yaliyo wazi, yaliyopambwa, yanaongezeka. Watu walikuwa wamejifunza kula wali, na wali huandaliwa, huonyeshwa, huzungukwa na wageni.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331. Chakula cha Mogadishu alikieleza vizuri sana, nadhani alikuwa mpenda kula. Wali ulipikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sahani kubwa ya mti. Juu yake kulikuwa na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Ndugu zangu, kama mtu akiniandalia hayo leo, sitauliza ni mwaka gani. Jina la sheikh lilitajwa. Majina ya waliopika hayakutajwa.

Tena sahani zilipendwa hata kupelekwa makaburini. Pale Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, kuna makaburi yenye nguzo za mawe, na katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli na sahani za Kichina. Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na nyumba nyingine zikaitwa kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko nyumba ya mkasi, na iko nyumba ya bakuli la Kichina. Mwenye nyumba amesahauliwa, bakuli limebaki kuwa jina. Katika nyumba za zamani za Lamu ukuta wa ndani una safu za vidaka, navyo viliwekwa vyombo vya thamani ili mgeni avione. Nadhani wengi wenu mna kabati lenye vikombe visivyotumiwa mpaka aje mgeni. Ni kidaka kile kile.

Sasa sufuria. Neno lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la shaba, na sufuria za zamani za watu wenye nafasi zilikuwa za shaba kweli. Ni nzito, hudumu vizazi vingi, lakini zina masharti. Ukipikia ukwaju au ndimu ndani ya shaba tupu, shaba huingia katika chakula na kukudhuru. Kwa hiyo ndani ilipakwa bati na fundi, na bati likichakaa ilipakwa tena. Sufuria nyeupe nyepesi, mnazozijua wote, ni za alumini. Madini hayo yalikuwa ghali mno mpaka mwaka 1886, ambapo Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwao bila kujuana, walivumbua njia rahisi ya kuyapata kwa umeme. Katika karne ya 20 sufuria hizo zikaingia kila kijiji. Siwalaumu akina mama waliozichagua. Anayechota maji mbali na kuokota kuni mwenyewe ana haki ya kupenda sufuria nyepesi inayochemka upesi.

Lakini nina jambo linaloniuma. Kwetu kulikuwa na sufuria ya shaba, kubwa, ya kupikia pilau ya harusi. Majirani waliiazima, na kila iliporudi ilirudi imesuguliwa kwa ukwaju na majivu inang'aa. Mama alipofariki, sisi watoto wa kiume tuligawana mambo makubwa. Tulizungumza juu ya shamba, tukazungumza juu ya minazi, tukaita wazee, tukaandika. Vyombo vya jikoni hatukuviandika. Tulisema, "Hivyo ni vitu vya wanawake, watajijua." Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Mmoja wetu aliileta sufuria ile, ikapimwa kwa kilo kama misumari, na fedha yake ikanunua sukari na mafuta ya taa. Dada yangu alikuwa sokoni. Aliporudi alisimama mbele ya mafiga, hakusema neno. Siku hizo nilikuwa nimekwisha soma, na kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Sufuria ile haikuwa yetu kuiuza. Desturi zetu nyingi zasema hivyo, na sheria nayo yasema. Katika pwani na visiwani, binti akiolewa huenda na vyombo, na wazee wake huvihesabu mbele ya watu. Kwa dini ya Kiislamu mali ya mke ni yake, ndoa haiifanyi kuwa ya mume. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, yasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume. Lakini hakimu au kadhi ataulizaje? Atauliza: hiki ni cha nani, kilitoka wapi, nani ajuaye? Mume atasema ni changu, mke atasema ni cha mama yangu, na sufuria haisemi.

Kwa hiyo chukueni kalamu. Kila mmoja achukue ukurasa mpya. Juu aandike tarehe ya leo na jina la mwenye chombo. Chini aandike jina la chombo kama linavyotajwa nyumbani kwake, hata kama jina hilo halimo katika kitabu chetu. Kisha aandike kilitoka kwa nani, na huyo alikipata kwa nani, mpaka kumbukumbu itakapokoma. Aandike alama zake: ufa, kiraka, mpini uliobadilishwa. Kama hujui, usibuni. Nenda kesho ukamwulize mzee, ungali naye.

Nitawasomea wangu, kama mfano. Mwalimu auandike ubaoni polepole, tahajia ionekane.

"Mbuzi ya nazi, ya mti. Ilikuwa ya bibi mzaa mama. Alipewa na mama yake alipoolewa. Bibi alimpa mama. Mama alimpa dada yangu mkubwa, naye ameniazima kwa somo hili. Ulimi wa chuma ni wa tatu. Itarudishwa kwa dada siku ya Ijumaa."

Mkimaliza, someni kwa sauti, mmoja mmoja, kuanzia aliye karibu na mlango. Wale walioleta chungu waanze. Juma lijalo tutasoma habari za bandari ya Kilwa. Mwalimu aje na ramani ya pwani, nanyi mje na kurasa zenu. Kwaherini.